Herufi ya 561

Matone ya damu ya Karagwe na Kyerwa yakifika kwangu yameshageuka kuwa herufi. Kazi yangu ni kusoma mifuatano ya jeni za kimelea cha malaria kwenye kompyuta, na protini ninayoifuatilia kuliko zote ni K13, yenye asidi amino 726. Ya 561 ndiyo inayotusumbua Kagera: palipokuwa na arjinini pamekaa histidini, kama ilivyoonekana mapema zaidi Rwanda, ng'ambo ya mpaka.

Programu hubashiri kazi ya protini kwa kutafuta undugu. Huulinganisha mfuatano mgeni na mamilioni ya mingine, kama bibi anayemtazama mtoto usoni na kumtajia ukoo. Kimelea hiki ni kigumu kukitajia ukoo. Karibu asilimia 80 ya herufi za jenomu yake ni A na T tu, na ilipochapishwa mwaka 2002, takribani asilimia 60 ya protini zake hazikufanana vya kutosha na chochote kinachojulikana.

K13 angalau ina ndugu. Mwishoni mwake kuna propela ya mapanga sita, sawa na ya KEAP1 ya binadamu, ambayo huteua protini za kuvunjwavunjwa. Ikabashiriwa kazi hiyohiyo. Mwaka 2014 sampuli za Kambodia ziliihusisha na usugu dhidi ya dawa ya artemisinini, lakini ni mwaka 2020 tu ndipo maabara ilipoikuta penye kinywa ambacho kimelea hulia himoglobini. Ikipungua, kimelea hula kidogo, na artemisinini, inayoamshwa na mabaki ya mlo huo, haipati nguvu. Ukoo ulitajwa vizuri. Kazi ya kinywani hakuna programu iliyoitaja.

Hata AlphaFold, programu ninayoipenda, huchora umbo la protini tu. Ukiibadilishia herufi moja, mara nyingi hukurudishia mchoro uleule.

Kwa hiyo mganga mfawidhi akiniuliza, "Mtaalamu, herufi hii ina ubaya gani?" namjibu kwa watoto waliotibiwa wilayani Karagwe mwaka 2022: baadhi yao walikutwa bado na vimelea siku ya tatu. Dawa mseto iliponya zaidi ya asilimia 90, maana lumefantrini, mwenza wa artemisinini ndani yake, ilimalizia kilichobaki. Ndiyo sababu sasa, sampuli za Kyerwa zikija, nikishaisoma K13 nahamia moja kwa moja kwenye mdr1, jeni inayohusishwa na lumefantrini.