Mpaka Ukifungwa, Nani Alipa?

Sisi wa Butembo na Beni twaishi kwa barabara ya Kasindi. Kakao ya Beni na kahawa yetu hupita huko kuingia Uganda, kisha hushuka hata bandari ya Mombasa. Na kwa njia ile ile hupanda mabati, nguo na vyuma vya pikipiki. Basi, tangu vita vya M23 viliporudi mwisho wa mwaka 2021, nasikia wengi, hata vijana ninaowafundisha dini, wakisema: “Tuwafungie majirani mipaka yote, wataona!” Uchungu wao naujua. Lakini yafaa tuulize kwanza: nani atalipa?

Tutazame Burundi. Meja Pierre Buyoya alipotwaa serikali kwa nguvu, Julai 1996, majirani walikutana Arusha, wakaifungia nchi ile biashara. Nia yao ilikuwa kurudisha bunge na vyama, na kuleta mazungumzo ya amani. Lakini mafuta ya gari yalipoadimika, aliyetembea kwa miguu hakuwa mkubwa wa serikali. Bei zilipanda, hata Aprili 1997 majirani wenyewe wakalegeza amri kwa ajili ya chakula, dawa na vitu vya shule. Magendo yalistawi, na waliojuana na wenye nguvu wakapata faida kubwa. Ni kweli, mazungumzo yalianza Arusha mwaka 1998, na wako wasemao kwamba vikwazo vilisaidia. Lakini vilipoondolewa Januari 1999, Buyoya alikuwa angali akitawala, na maskini walikuwa wamekwisha kulipa.

Tena, mwisho wa Februari 2019, Rwanda ilifunga njia ya Gatuna kwa sababu ya ugomvi wake na Uganda. Ilifunguliwa 31 Januari 2022, karibu miaka mitatu. Mkulima wa upande wa Kabale, aliyezoea kuwauzia Wanyarwanda, alibaki na mazao yake, bei ikaanguka. Ng’ambo ya pili mnunuzi alikitafuta kitu kile kile kwa bei ya juu. Kilima kimoja, bei mbili! Katikati ya bei hizo ndipo apitapo mtu wa magendo usiku, na wengine walipigwa risasi wakipita. Serikali nazo zilikosa ushuru. Wakuu walipopatana, hakuna aliyemrudishia mkulima miaka yake mitatu.

Sisemi serikali isilinde watu wake. Bunduki zifungiwe njia, na madini ya wizi, na fedha za wakubwa wawashao vita, maana hapo huguswa wenye hatia. Lakini chumvi na maharagwe havikumwua mtu. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuwa Cuba, Januari 1998, alisema kwamba kuibana nchi kwa vikwazo vya uchumi kutoka nje si haki. Na Cuba ilikuwa imefungiwa na Marekani tangu 1962.

Basi ndugu, mtu akikuambia tufunge mpaka, mwulize kwa upole yeye auza nini, na anunua wapi. Mara nyingi utaona kwamba asemaye kwa sauti kuu hana mzigo barabarani. Mama auzaye nguo sokoni anao, na mkulima wa kakao anao. Hao waulizwe kwanza.