Jumamosi za Kuchuma Nyanya

Mwaka jana nilisoma riwaya ya Georges Bernanos, Journal d'un curé de campagne, iliyotoka Ufaransa mwaka 1936. Niliisoma kwa tafsiri ya Kiingereza, polepole. Ni shajara ya padre kijana wa kijiji cha Ambricourt: mtoto wa maskini, tumbo linamsumbua, anaishi kwa mkate uliochovywa kwenye divai, na wanakijiji wanamwona mlevi. Kumbe ni saratani. Wengi husifia utakatifu wake. Mimi kilichonishika ni kwamba kazi inamshinda, na mwenyewe anajua. Hapo nikamkumbuka paroko aliyemzika baba yangu.

Kwetu ni Kilolo, mkoani Iringa. Ukitaja Kilolo watu wanawaza ukungu wa Dabaga, paini na ulanzi. Hiyo ni Kilolo ya juu. Sisi ni wa upande wa joto, kwenye barabara kuu ya kwenda Mbeya, huko ambako Ilula inajulikana kwa nyanya na Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu. Abiria wa basi huona ndoo zilizopangwa kando ya lami. Aliyechuma hamwoni. Baba hakuwa na shamba la nyanya. Alichuma za wenzake, akalipwa kwa tenga. Nyanya haimsubiri mtu, na fuso la kwenda Dar likishafika halisubiri nyanya. Siku kubwa ya kupakia kwetu ilikuwa Jumamosi.

Na Jumamosi asubuhi ndiyo siku ya jumuiya.

Baba alipofariki, viongozi wa jumuiya walimwambia mama kwamba misa haitakuwepo. Marehemu hakusali na wenzake kwa miaka mitatu, na kadi yake ya zaka ilikuwa nyeupe. Nilikuwa kidato cha pili. Nililichukia Kanisa lote, kuanzia pale sebuleni hadi Roma.

Sasa niseme ukweli: utaratibu ule haukuzuka tu. Maaskofu wa AMECEA walizichagua jumuiya ndogondogo kwenye mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, ili Kanisa liishi pale watu wanapoishi. Kijijini maana yake ni hii: padre ni mmoja, vigango ni vingi, na jumuiya ndiyo inayochimba kaburi, kuchota maji na kulala matanga. Asiyewaendea wenzake, wenzake watauliza wamwendee kwa nini. Kwa watu wasio na kitu, hiyo ndiyo bima waliyonayo. Ukiigawa hovyo, inakwisha.

Paroko alifika mchana kwa pikipiki, suruali imejaa tope hadi magotini. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, akakaa kwenye benchi pamoja na wazee. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Alianza kwa kuwasikiliza. Akakubali kwamba kwa utaratibu wana haki. Halafu akauliza, kama mtu anayeulizia njia:

"Hizo Jumamosi, marehemu alikuwa anachuma shamba la nani?"

Kimya. Kila mtu alijua. Wengine waliokaa pale walikuwa wanawahi jumuiya kila wiki kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anawachumia.

Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Baba Paroko, nyanya zinaoza."

"Ni kweli, mzee wangu, zinaoza. Na mimi tangu nihamie hapa sijawahi kushuka shambani Jumamosi hata moja. Basi twendeni tukazike."

Misa ikawepo. Walewale waliokataa ndio waliobeba jeneza, na walibeba kwa heshima.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuishia hapo. Jumapili iliyofuata, kwenye matangazo, paroko yuleyule alisoma majina ya wasiomaliza zaka, na jina la mama likiwemo. Nilitaka kutoka nje. Mama akanishika mkono. "Kaa," akaninong'oneza. "Na yeye ana paa la kuezeka." Jumuiya yetu ilihamishia sala Jumapili baada ya ibada, bila kutangaza. Ikaenda hivyo msimu mmoja. Msimu uliofuata bei ilipanda, na Jumamosi ikarudi.

Kisha yakaja maneno: eti mama alimhonga padre kwa kuku wawili na hela. Aliyeyaanzisha alikuwa mwenye shamba. Paroko angeweza kuyamaliza kwa sentensi moja tu, akilirudia lile swali mbele ya waumini wote. Hakulirudia. Alihamishwa akiwa bado anasemwa.

Kwa miaka mingi niliuita ule ukimya woga. Bernanos ndiye aliyenirudisha nyuma. Padre wake anatuhumiwa kwamba alimtesa kwa maneno mama wa ukoo mkubwa, akafa usiku uleule. Mfukoni ana barua ya mama huyo inayomshukuru kwa amani aliyompa. Hamwonyeshi mtu. Nilifunga kitabu nikakaa muda mrefu.

Lile swali lilitosha mara moja, ndani ya nyumba yetu, ili maiti izikwe. Nje ya pale lingekuwa fimbo, na wale wazee walikuwa bado wanahitajika kwenye kaburi la kibarua atakayefuata.

Mwenye shamba yupo hai, mzee sana sasa. Nikienda nyumbani namsalimia, "Kamwene," naye anaitikia. Jina lake nalijua vizuri. Hapa sijaliandika.