Mafundi wa Bati wa Kamukunji

Mgeni ashukaye katika kituo cha mabasi cha Machakos, mjini Nairobi, hana haja ya kuuliza njia ya Kamukunji. Na afuate mlio wa nyundo. Hapo masanduku ya watoto wa shule, makarai, mawilibaro na majiko hutengenezwa kwa mkono mchana kutwa, na mengi hutokana na mapipa yaliyokwisha kutumika. Mafundi hawa waliitwa Jua Kali kwa sababu hapo kwanza walifanya kazi pasipo paa. Serikali iliwajengea vibanda katika miaka ya 1980, na jina likabaki.

Wasomaji wengi wanalijua jiko lililoenea nchini tangu miaka hiyo: kiuno chembamba, na ndani udongo uliochomwa, uzuiao joto lisipotee hata makaa yakadumu. Nadhani ni wachache waliopata kufikiri jinsi linavyokatwa. Bati la pembe mraba likikunjwa huwa kopo lililosimama wima. Ili ubavu uelekee ndani, sharti bati likatwe kwa upinde, na upinde huo una kipimo chake. Mdomo ukizidi upana, udongo hutumbukia, ukipungua, hauingii. Mwanafunzi wa sekondari hulisoma jambo hili katika hesabu za pia. Fundi wa Kamukunji hulijua kwa kielezo cha bati alichopewa na aliyemfundisha, naye hukata bila kusita.

Kazi yenyewe imegawanywa: huyu hukata, yule hukunja kingo, mwingine hutia miguu na vishikio. Mwanagenzi huanza kwa kunyosha mabati, wala kazi hiyo si ya kudharauliwa, kwani asiyelisikia bati chini ya nyundo hataweza kulikunja.

Lakini fundi kama huyu akienda kuomba kazi kiwandani, huulizwa cheti, na hapo wengi hukwama. Njia ipo. Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwanda huwatahini mafundi kwa madaraja, tangu la Tatu hadi la Kwanza, na aliyejifunzia kazi kibandani aweza kutahiniwa kama yule aliyetoka chuoni. Wengi huahirisha mwaka baada ya mwaka, maana kuna ada ya kulipa, na siku ya mtihani ni siku isiyo na mauzo.