Mionzi ya Shinkolobwe na picha ya kifua

Hapa kambini, upande wa Zambia, neno "mionzi" linatembea haraka kuliko tangazo la mgao. Gari la kupiga picha za kifua lilipofika, wengi wa bloku yetu hawakwenda. "Ile mashini inakausha damu," walisema. Wengine: "Inafunga kizazi." Na kulikuwa na swali lililowashinda wote: kama haina hatari, mbona mpiga picha anakimbilia nyuma ya ukuta?

Tafadhali msiwacheke. Wengi wetu tumetoka Likasi, na Shinkolobwe ni karibu tu. Urani ya mgodi ule ilinunuliwa na Marekani, ikaingia kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wazee walioichimba hawakuambiwa ni ya nini. Mgodi ulifungwa 1960, mashimo yakazibwa kwa saruji. Baadaye maelfu wakarudi kuchimba kobalti kwa mikono, marehemu baba yangu akiwamo. Alifika nyumbani na vumbi mwili mzima, akatubeba hivyo hivyo. Januari 2004 serikali ilipiga marufuku, lakini njaa haisomi amri, watu wakaendelea. Julai mwaka ule sehemu ya machimbo ikabomoka, ikaua watu. Kwetu nyumbani hakuna aliyekuja kutueleza vumbi lile lina nini.

Mama mukubwa wangu alikohoa wiki 4. Analala chumba kimoja na wajukuu 3. Nilipomwambia twende, akakataa: "Mwanangu, miye nilishakula vumbi la Shinkolobwe. Wakiniongezea hii, si nitakwisha?"

Sikuwa na jibu. Tukamtafuta mkalimani, tukaenda kumuuliza mpiga picha mwenyewe. Kijana yule hakuchoka. Alisema picha moja ya kifua ni kama milisiverti 0.1. Ardhi, hewa, chakula na anga vinampa kila mtu, kwa wastani wa dunia, milisiverti 2.4 kwa mwaka. Yaani picha moja ni kama wiki 2 za kuishi tu hapa duniani. Mashine ikinyamaza, mionzi imekwisha, hakuna inayobaki mwilini wala kumfuata mtu nyumbani. Vumbi la urani ni jambo jingine: likiingia mapafuni linakaa humo na kuendelea kutoa mionzi. Mwenye mimba aseme mapema, ili akingwe au asubiri.

"Na wewe mbona unajificha?" mama mukubwa akauliza.

"Mama, wewe unapigwa mara moja. Mimi niko hapa kila siku, mwaka mzima."

Akafikiri. "Kumbe ni kama moshi wa jikoni. Mgeni anapita, mpishi ndiye anaumia macho."

Akapanda garini. Picha ilionyesha doa, makohozi yakapimwa: kifua kikuu. Sasa yuko kwenye dawa za miezi 6, na wajukuu wamepimwa.

Ndugu wahudumu, gari lilikuja na tangazo la saa na mahali, basi. Mkituletea mashine, leteni pia mtu wa kuieleza kwa Kiswahili kabla foleni haijaanza, na maswali yetu yajibiwe hata yakionekana ya kijinga. Sisi tunajua mawe yaliyochimbwa kimya kimya. Nanyi majirani, ulizeni, kisha mpande. Kikohozi kile kilikuwa kinalala na watoto kila usiku.