Simba Aliyekula Kitanda Chake

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu darasa la tano, na kila mara mwalimu aliipigia alama ya vyema. Lakini wacha niwaambie ukweli, wasomaji wapenzi: maana yake sikuijua hadi mwaka huu, na aliyesababisha niijue ni mbwa.

Mambo yalianza likizo ya Aprili. Wezi walikuwa wametuibia kuku sita usiku mmoja, na Baba akasema kwamba boma bila mbwa ni kama nyumba bila mlango. Guka wangu anaishi Ruiru nasi tuko huku Thika, mwendo wa kilomita 20 hivi kwa barabara kuu. Mbwa wake alikuwa amezaa. Basi nilirudi kwa matatu nikiwa na katoni mapajani, na ndani ya katoni kilebu wa miezi miwili, rangi ya kahawia, masikio yameanguka kama majani ya mgomba yaliyopigwa na jua. Nilimpa jina la Simba. Abiria mmoja alichungulia ndani akacheka. "Ati Simba? Simba gani analia kama paka?"

Nilimtengenezea kibanda nyuma ya jikoni, chenye sakafu ya mbao, na juu yake nikamtandikia gunia la nailoni. Nilijiona hodari kweli kweli. Kulipopambazuka nilikuta gunia limegeuka nyuzi. Nikatandika la pili, nalo likafuata njia ya la kwanza. Mama akanipa kipande cha blanketi kuukuu. Baada ya siku tatu kikawa matambara. Nikawaza, labda huyu anahitaji kitu chenye harufu yangu, nikampa sweta yangu ya shule ya zamani, ambayo ilikuwa imenibana. Lo! Hiyo aliipenda. Aliikumbatia usiku kucha, na asubuhi mkono mmoja haukuwepo.

Nikafanya nini? Nilifanya lile ambalo wengi mtaani kwetu hufanya. Shule yetu ni ya kutwa, kama mjuavyo, kwa hivyo mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili na robo asubuhi na kurudi saa kumi na moja na nusu jioni. Mama yuko sokoni, Baba yuko kiwandani, ndugu yangu mdogo yuko shule ya msingi. Nikifika jioni nakuta matambara yametapakaa ua mzima. Namshika Simba shingoni, namsukuma pua hadi kwenye matambara, kisha nachukua kandambili. Moja, mbili, tatu. "Samaki mkunje angali mbichi," nilijiambia, na dhamiri yangu ikanyamaza.

Alirarua zaidi. Mwezi wa Julai, baridi ikiwa ile inayoganda vidole hata kalamu haishikiki, Mama alianika sweta yangu mpya kwenye kamba. Kamba ililegea kidogo. Sihitaji kuwaeleza yaliyofuata. Wale mlioniona wiki ile nikitetemeka darasani na shati peke yake, sasa mnajua kisa chake.

Baba hakupaza sauti, na Baba asipopaza sauti ndipo mambo yamekuwa mazito. "Sweta ni pesa," alisema. "Jumamosi arudishwe Ruiru. Tutatafuta mbwa mwenye akili."

Jumamosi hiyo katoni haikumtosha tena. Makanga alinitoza nauli ya mtu mzima kwa ajili yake, na njia nzima Simba alilaza kichwa juu ya kiatu changu. Nilitazama nje ya dirisha ili abiria wasione macho yangu.

Guka alitupokea langoni. Zamani alikuwa bawabu katika shamba la kahawa hapo Ruiru, kabla mashamba mengi hayajakatwakatwa yakawa ploti na nyumba za kukodisha. Alilinda usiku pamoja na mbwa watatu, na mpaka leo huzungumza juu yao kama watu wengine wanavyozungumza juu ya wanafunzi waliosoma nao. Tuliketi uani. Nilipoanza kumsimulia habari za gunia na blanketi, niliinua mkono kufuta jasho. Simba alilala chini papo hapo, akabana mkia, akajikojolea.

Guka alimtazama, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Unampiga," akasema. Halikuwa swali.

"Guka, ninamfunza. Si wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi?"

"Walisema mkunje. Walisema mpige?"

Nikakosa jibu. Guka akanyanyuka akanipeleka nyuma ya nyumba, ambako amebakiza mikahawa michache. Akanionyesha mmoja wenye mashina matatu yaliyotoka karibu na ardhi. "Huu niliukunja mimi," akasema. "Mche ukiwa mchanga unauinamisha polepole, unaufunga kwa kamba kwenye kigingi, halafu unangoja. Unatoa machipukizi, nawe unachagua yale unayotaka yawe mashina. Ukiuinamisha kwa hasira unavunjika. Ukiupiga je? Umewahi kuona mtu akiupiga mkahawa ili uzae?"

Tuliporudi uani alimfungua Simba mdomo akaniita nichungulie. Pale mbele palikuwa na pengo, na kando ya pengo jino jipya likichomoza kwenye ufizi uliovimba. Mimi niliyemtandikia kila siku sikuwa nimewahi kumtazama mdomoni! Kilebu ana meno 28 ya utotoni. Akifika karibu miezi minne huanza kung'oka, na kufikia miezi saba hivi huwa ana 42 ya ukubwani. Kati ya hapo ufizi humwasha, na dawa anayoijua yeye ni kutafuna. Baadaye nilimuuliza daktari wa mifugo hapa Thika akanithibitishia hayo yote.

Guka aliendelea, wala hakunionea huruma. Alisema mbwa mchanga akiachwa peke yake saa kumi na moja bila kazi, atajitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni kitanda chake. Alisema Simba huraruka asubuhi nami humpiga jioni, kwa hivyo hawezi kujua kwamba anapigiwa gunia. "Anachojua ni kwamba wewe ukirudi, kichapo kimerudi." Kuhusu sweta alicheka hadi akakohoa. "Ulimpa sweta atafune, kisha akatafuna sweta. Kosa lake liko wapi? Yeye atajuaje ya zamani na mpya?"

Jambo la mwisho lilinitia baridi. Nyuzi za nailoni na vipande vya blanketi, mbwa akivimeza, vinaweza kujikunja tumboni na kuziba matumbo, na mbwa akafa. Hata gunzi la mahindi, ambalo kwetu hutupiwa mbwa bila kufikiri, linaweza kumziba vivyo hivyo, na mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano. Kumbe wakati wote nilipokuwa nikihesabu hasara ya magunia, Simba alikuwa akicheza na mauti!

Guka alichukua simu akampigia Baba. Sikusikia Baba alivyosema, ila nilisikia Guka akiomba mwezi mmoja. Akakata simu akasema, "Mwezi mmoja. Hata siku moja haiongezwi." Nikarudi Thika na mbwa wangu.

Sasa nitaeleza tulivyofanya, maana najua wengi wenu mna shida hii hii.

Kwanza, niliondoa gunia na nguo zote kibandani wakati Simba yuko peke yake. Badala yake nilijaza nyasi kavu juu ya zile mbao. Nyasi hazina gharama, zinashika joto, na akizitawanya ni kufagia tu. Kila Jumamosi nilizitoa nikaweka nyingine, na kibanda nikakiacha wazi kipigwe na jua ili viroboto wasipate makao.

Pili, nilimpa kitu ambacho ni halali yake kutafuna. Nilikata kamba nene ya katani nikaifunga mafundo matatu makubwa. Hiyo tuliicheza pamoja jioni na kuiweka juu nilipoondoka, asije akameza nyuzi zake. Wakati wa usiku niliweka karoti nzima nje juu ya paa la kibanda, na kwa baridi ile ya Julai asubuhi ilikuwa kama imetoka kwenye friji. Baridi hutuliza ufizi. Aliitafuna macho yamefumba, bwana, kama mzee anayekunywa uji.

Tatu, kazi. Niliamka saa kumi na moja alfajiri badala ya kumi na moja na nusu, nikatembea naye nusu saa. Ndugu yangu mdogo, ambaye hufika nyumbani mapema kuliko mimi, alimfungulia na kukimbia naye uani. Tulianza pia kumficha ficha chakula kidogo ndani ya nyasi ili akitafute kwa pua. Mbwa aliyechoka hana nguvu za kushughulikia blanketi.

Nne, na hili ndilo gumu, kandambili ilirudi miguuni ikakaa huko. Jioni, nikiwa nimeketi karibu naye na vitabu vyangu, nilimtandikia kipande cha blanketi. Akianza kukitia meno, nilisema "hapana" kwa sauti ya kawaida na kumpa kamba. Akiichukua kamba nilimsifu kwa maneno na kumkuna shingo. Akilala juu ya blanketi kwa amani nilimsifu pia. Nikienda kulala, blanketi nalo likaingia ndani ya nyumba. Kidogo kidogo nikaongeza muda: nusu saa, saa moja, saa mbili.

Je, alibadilika mara moja? La hasha. Wiki ya kwanza nyasi zilifika hadi mlangoni kwa jirani. Wiki ya tatu nililala kupita kiasi siku moja, hatukutembea, na jioni ile akakata pembe ya blanketi mbele ya macho yangu. Mkono wangu ulienda kwenye kandambili wenyewe. Nikakumbuka mkahawa wa Guka, nikaurudisha. Nikamchukua tukazunguka mtaa mara mbili gizani, na Hisabati nikazifanya nimesimama ili nisisinzie.

Wiki ya nne, tukiwa tumeingia mwezi wa Agosti, nilithubutu kumwachia blanketi usiku kucha. Karibu saa tano nilisikia mlango wa jikoni. Nilichungulia nikamwona Baba uani na tochi, amevaa koti lake zito, ameinama kibandani. Simba alikuwa amejikunja duara juu ya blanketi, pua chini ya mkia. Baba alilishika blanketi akaligeuza upande huu na ule akitafuta tundu. Hakuliona ila ile pembe ya zamani. Akazima tochi. Alipopita mlangoni pangu akasema, kana kwamba alijua siku zote kuwa niko macho, "Kesho usisahau kumtembeza."

Habari ya kumrudisha Ruiru haijatajwa tena. Wala kuku wetu hawajaibwa tena.

Lakini sitaki mfikirie kwamba yote yalipona pamoja na blanketi. Blanketi lilichukua mwezi mmoja. Woga ulichukua muda zaidi. Hadi Septemba, meno yake yote yakiwa yametoka, bado alikuwa akiinama nikiinua mkono ghafla, hata kama ninafukuza nzi tu. Kila alipoinama moyo wangu ulichomeka, kwa sababu hilo si yeye aliyejifunza mwenyewe. Nilimfunza mimi, na nilimfunza vizuri sana. Siku aliyonikimbilia langoni kwa mara ya kwanza mkia ukipepea, akanirukia na kuchafua sweta yangu kwa matope, sikumkaripia. Niliiosha nikaianika, na safari hii niliikaza kamba.

Ndugu zangu wanafunzi, walio na vilebu nyumbani na hata walio na wadogo wa kufunza kusoma, methali yetu ni nzuri na wahenga hawakukosea. Mkunje angali mbichi. Lakini mkunje polepole, umfunge kwenye kigingi, halafu ungoje.