Unabeba Nini?

Ufundi bati nilijifunzia Gerezani, Dar es Salaam, miaka ya tisini. Enzi hizo mwenye pikapu akitaka kuikinga bodi yake, alitandikiwa mbao chini na kuambiwa azinyanyue mvua ikinyesha. Wengi hawakuzinyanyua. Mbao zilikunywa maji zikakaa nayo, na bati la chini likaoza. Mkate wangu wa mwanzo ulitoka hapo: kukata sakafu iliyolika, kupima bati jipya, kuchomelea, kusaga kwa grinda. Fundi aliyenilea hakuwa msemaji, ila hili alilirudia kila tulipobandua mbao: "Bati haliuawi na gongo, mwanangu. Linauawa na maji yasiyo na pa kutokea."

Baadaye zikaanza kuingia Hilux zilizotumika kutoka Thailand, nyingine zikiwa na trei nyeusi ya plastiki iliyofuata umbo la bodi. Watu walizipenda upesi. Hakuna kupaka wala kuchomelea; mnashika wawili, mnaiingiza, mnakaza skrubu pembeni, basi. Kwa mwenye kubeba magodoro, mitumba au kreti za soda, sina ugomvi nayo mpaka leo. Lakini gari likitembea, plastiki nayo inacheza, na mchanga uliopenya chini yake unafanya kazi ya msasa. Rangi ikiisha, maji yaliyonaswa humo yanamalizia. Juu yake napo panateleza: breki moja ya ghafla, pipa lililokuwa mbele ya mlango wa nyuma linakuja kugonga kabini.

Ndipo nikajiwekea desturi ya kuuliza kabla ya kutaja bei: "Unabeba nini?" Wateja wengine walikereka. Walikuja na picha kwenye simu wakitaka kama ya gari la jirani, na jirani anabeba mayai wakati wao wanabeba kokoto. Mbeba mawe nilimkatia mpira mzito wa mkanda wa konveya uliochakaa. Unameza kishindo, mzigo hautelezi juu yake, na ukitaka kuosha chini unaukunja na kuutoa, mradi uwe na mwenzio wa kusaidiana.

Mama mmoja wa soko la samaki la Feri alinijibu bila kufikiri: "Samaki na barafu, fundi. Gari halikauki."

"Basi mama, plastiki tuiache. Wewe nakupulizia."

"Bei je?"

"Kubwa kuliko plastiki, ndogo kuliko bodi mpya."

Tulibishana kidogo, tukaelewana. Maji ya chumvi hayasamehe, kwa hiyo kwake nilitaka kinga ya poliyurethani ya kupulizia, iliyogandamana na bati, isiyoacha nafasi katikati.

Katika kazi hiyo, kupuliza kwenyewe ni kwa muda mfupi. Siku inaishia kwenye maandalizi. Unavua mlango wa nyuma na ndoano za kamba, unaosha, unatoa mafuta yote. Penye kutu unasaga mpaka bati jeupe, kisha unapaka praima. Rangi nzima iliyobaki unaikwaruza kwa msasa ipoteze mng'ao, maana poliyurethani haishiki palipo laini. Itabanduka kama ganda, na maji yatapata nyumba. Unaziba matundu ya kutolea maji kwa muda, na unafunika magazeti na tepu kila pasipohusika. Vimiminika viwili vikikutana kwenye bastola ya kupulizia, vinaanza kuganda hapohapo, hivyo mkono hauruhusiwi kusita. Nalenga unene wa milimita 3 hivi sakafuni. Kabla kinga haijakauka kabisa, nang'oa tepu na kuyafungua yale matundu.

Hapo ndipo nilipokuwa mkali kwa vijana wangu. Kimoja cha vimiminika hivyo kina isosianati, inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Barakoa ya kitambaa si kinga. Anayepuliza avute hewa safi inayoletwa kwa bomba kutoka nje, na asiye na kazi humo atoke. Kijana akiniambia, "Mzee, ni dakika chache tu," nilizima kompresa.

Kuna neno moja nililompa kila mwenye trei ya plastiki kabla hajaondoka: dumu la petroli usilijaze likiwa juu yake. Umeme tuli hukusanyika kwenye dumu, plastiki inauzuia kushuka ardhini, na cheche ndogo inatosha kuwasha mvuke. Literemshe, lijaze likiwa chini.

Sasa bastola nimewaachia vijana, lakini magari ninayafahamu yakirudi. Kinga ikiwa imechanika juu na bati liko zima, nafurahi, kwa sababu imeumia badala ya gari. Ikirudi inang'aa kama siku ile, namuuliza mwenyewe kwa nini alinunua pikapu.