Mtoto Aamkaye Usiku



Nataka kuwasimulia jambo lililotupata nyumbani mwetu, nami nalisimulia kwa haya, maana kosa lilikuwa langu.

Mtoto wetu wa tatu alikuwa na umri wa majuma matano. Mchana alilala fofofo, bali usiku aliamka mara nne, mara tano, akilia hata jogoo la kwanza. Wale waliomtangulia sikumbuki kwamba walitusumbua hivyo. Au labda walitusumbua, nami sikusikia, kwa kuwa aliyekesha ni mama yao. Usiku mmoja nikamwambia mke wangu kwa ukali, "Umemdekeza mtoto huyu." Hakunijibu neno.

Jirani mmoja akasema ni chango. Mwingine akatuletea dawa ya kikohozi, ile iletayo usingizi, tumpe kijiko kimoja. Nami nilikwisha kukitwaa kijiko. Mke wangu akanishika mkono, akasema, "Kwanza twende zahanati."

Kulipokucha tukaenda. Muuguzi akampima mtoto uzito, akaona anaongezeka vema. Ndipo akatufundisha, akisema: "Mtoto huyu si mgonjwa wala si mtundu. Mtoto mchanga hulala saa 14 hata 17 kwa siku, usiku na mchana pamoja, lakini hulala kwa vipande vifupi. Tumbo lake ni dogo, na njaa humwamsha. Tena hajajua bado kutenga usiku na mchana. Hayo humjia polepole katika miezi ya kwanza."

Akaendelea kutueleza kwamba wa miezi 4 hata 11 hulala saa 12 hata 16, na wa mwaka 1 au 2, saa 11 hata 14, pamoja na usingizi wa mchana. Na wengi huamka usiku hata baada ya kutimiza mwaka.

Akatuagiza hivi: mchana mtoto akae penye mwanga na sauti za watu; usiku anyonyeshwe katika giza, pasipo mazungumzo; alazwe chali, ndani ya chandarua. Dawa ya kumlaza asipewe kamwe, maana yaweza kumzuia pumzi. Bali akiwa na homa, au akikataa kunyonya, au akipumua kwa shida, au akilegea asiamke hata kunyonya, aletwe upesi.

Njiani nikamwomba mke wangu radhi. Tangu siku ile, mtoto akiisha kunyonya, mimi humpokea, nikamweka begani mpaka acheue, naye mama yake hulala.

Sasa ametimiza miaka miwili. Bado huamka mara mojamoja, lakini siku hizi huita, "Baba!"

Basi, ninyi akina baba wenzangu, mtoto aliapo usiku msitafute wa kumlaumu. Inukeni, mmpokee.